Viti viwili kwenye korido: bajeti ya NHS ya kiti mwendo, uchukue ipi?

Kila Jumapili, kwenye korido nyembamba ya shangazi yangu mjini Leicester, hukaa viti mwendo viwili vimebanana kama baiskeli nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Chake ni cha kukunja katikati, kizito, na vishikio vya nyuma amevifunga vipande vya khanga ili visiteleze mkononi mwa anayemsukuma. Changu kina fremu isiyokunjika na mgongo mfupi unaoishia chini ya mabega, na nikiyachomoa magurudumu nakinyanyua kwa mkono mmoja kukitia garini. Vyote viwili vimepitia NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Chake kimelipiwa chote, changu kimelipiwa theluthi.

"Hicho chako kama baiskeli ya mashindano," huniambia. "Breki zake ziko wapi?"

"Zipo, shangazi. Ziko chini hapo, hazionekani tu."

"Mimi kitu kisichoonekana siketi juu yake."

Wageni wakiviona huuliza swali lile lile: imekuwaje kijana akapata kizuri na mama wa watu akapewa cha hospitali? Hakuna aliyepunjwa. Kila mmoja wetu alichagua, na mpaka leo hakuna anayetaka kubadilishana na mwenzake. Habari hii nimeieleza kwenye simu mara nyingi mno, kwa hiyo naiandika hapa nipumzike.

Ninachosema ni cha England. Wales wana vituo vyao vya ALAS, huduma yao ya viungo bandia na viti mwendo, Scotland na Ireland Kaskazini wana utaratibu wao, na huko bajeti ninayoieleza haipo kwa sura hii. Aliyehamia Glasgow kutoka London aanze upya na huduma ya kule.

Haki yenyewe

Kuanzia 1996 kulikuwa na vocha. Ulikuwa unaweza kuchukua thamani ya kiti ambacho NHS ingekupa, ukaongeza pesa yako, ukanunua unachokitaka. Wengi waliostahili hawakuwahi kuisikia. Vocha ikaondoka, ikaja bajeti binafsi ya kiti mwendo. Kliniki wanaiita PWB, na herufi hizo tatu ndizo za kutaja ukipiga simu. Tangu tarehe 2 Desemba 2019 ni haki ya kisheria kwa kila anayestahili kiti kutoka huduma ya viti mwendo ya NHS ya eneo lake. Aliyekwisha kusajiliwa pia anaipata, ikiwa mwili wake umebadilika au kiti chake kimechoka kiasi cha kuhitaji kingine.

Mshahara haukaguliwi. Dereva wa basi na daktari bingwa wote wanapimwa kwa uhitaji wa mwili tu. Kinachotofautiana ni vigezo, maana kila eneo lina bodi yake ya afya, ICB, na bodi ndiyo inayoamua nani apewe kiti cha aina gani. Kigezo utakachokikuta karibu kila mahali ni kwamba uhitaji uwe wa kudumu, zaidi ya miezi 6. Aliyevunjika mguu akitarajia kupona aulizie kiti cha kuazima. Mashirika ya hisani kama British Red Cross yamewahi kutoa huduma hiyo. Na zile skuta za umeme za barabarani NHS haitoi, usipoteze muda kuziombea.

Mlango wa kuingilia ni daktari wako wa mtaani, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, au mtaalamu wa tibakazi (occupational therapist). Sehemu nyingine unaweza kujipeleka mwenyewe. Kipimo ambacho NHS hujiwekea ni wiki 18 kutoka kupelekwa hadi kukabidhiwa kiti. Wengine hupata mapema, wengine hupitiliza.

Ukisema "nashukuru Mungu" bajeti inapungua

Kabla ya kulinganisha njia, ujue pesa inapatikanaje. Hakuna kiwango kimoja cha nchi nzima. Mtaalamu anakupima, anaandika mahitaji yako, halafu huduma inapiga hesabu: kiti cha kutimiza mahitaji haya kingetugharimu kiasi gani? Jibu la hesabu hiyo ndiyo bajeti yako. Hitaji ambalo halikuandikwa halina pesa.

Hapo ndipo watu wetu tunapojiponza. Shangazi alipopata kiharusi, mimi ndiye niliyemfanyia ukalimani kwenye tathmini ya kwanza. Akaulizwa anamudu vipi nyumbani. Akanyoosha mtandio, akajibu, "Namshukuru Mungu, naendelea vizuri tu." Wiki ile ile alikuwa ameanguka mara mbili chooni, na usiku alikuwa anakojoa kwenye kopo kwa sababu hawezi kufika mlangoni. Nami, mtoto wa kaka yake, nitafsiri nini? Kusema mambo ya choo ya shangazi yangu mbele yake, kwa mgeni? Nikatafsiri "vizuri". Kiti alichopewa mara ya kwanza kilikuwa cha kusukumwa na mtu, magurudumu madogo manne, kana kwamba hana mkono unaofanya kazi.

Tathmini ya pili tukaomba mkalimani. NHS inamtoa bure, ukiomba mapema. Shangazi akaongea na mwanamke mwenzake kwa Kiswahili, mimi nikakaa nje na gazeti. Walipotoka, karatasi ilikuwa imejaa. Mtaalamu aligundua kwamba mkono wa kulia na mguu wa kulia vina nguvu, kwa hiyo anaweza kujiendesha kwa kuzungusha gurudumu moja huku akivuta sakafu kwa mguu. Kwa hilo kiti sharti kiwe chini kuliko kawaida, kisigino kiguse sakafu vizuri, na kibao cha kuwekea mguu wa kulia kiondolewe kwenye kiti. Ni kiti cha chuma cha kawaida tu, ila kimeshushwa sentimita chache, na leo anatoka sebuleni hadi jikoni bila kumwita mtu.

Kwa hiyo nenda na orodha ya siku yako mbaya. Upana wa mlango wa choo, upime kwa futi kabisa. Ngazi mbili za mlango wa mbele. Vidonda vya kukalia ulivyowahi kupata. Anayekusukuma ana umri gani, na mgongo wake ukoje. Kama unafanya kazi, unasoma, unapeleka watoto shule au unaswali msikitini, yaseme. Sheria ya bajeti hii inataka waangalie maisha yako kwa ujumla na malengo yako, siyo miguu peke yake.

Njia zenyewe

Njia ya kwanza naiita bajeti ya makaratasi. Pesa huioni wala haiingii benki. Huduma inaitumia kwa niaba yako kununua kiti kutoka orodha yake. Kiti ni mali ya NHS. Hulipi hata senti, na kikiharibika unapiga simu. Ukiwa hukihitaji tena, kinarudi kwao. Hii ndiyo aliyochukua shangazi.

Njia ya pili ni hiyo hiyo ya makaratasi ila unaongezea. Huduma inakubali kununua kiti cha juu zaidi au kukiongezea kitu, tofauti ya bei unailipa wewe au mtu mwingine anakulipia: mwajiri, shirika la hisani, hata mchango wa ukoo. Kiti kinabaki mali ya NHS na matengenezo ni yao. Wengi hawajui kwamba ipo, na huduma nyingine hazina haraka ya kuitaja. Kwa maoni yangu ndiyo njia bora kwa mtu mwenye pesa kidogo ya kuongeza na asiyetaka kuhangaika na mafundi. Ila uliza mambo mawili na ujibiwe kwa maandishi: kile ulichoongezea kikivunjika nani anatengeneza, na kiti kikirudishwa mapema mchango wako unakwenda wapi.

Njia ya tatu ni bajeti ya mtu wa tatu. Unatoka nje ya huduma, unachagua muuzaji wa kujitegemea, mnakubaliana kiti, naye anatuma ankara yake NHS kwa kiasi cha bajeti yako. Kinachozidi unalipa. Kiti ni chako kabisa, na bajeti inatakiwa iwe na fungu la kusaidia matengenezo, kwa sababu kuanzia hapo matengenezo ni juu yako. Huna uhuru wa kununua lolote, maana kiti sharti kitimize mahitaji yaliyoandikwa kwenye tathmini, na huduma lazima iridhike.

Mimi nilichukua ya tatu. Bajeti yangu ilitoka pauni 900, fungu la matengenezo likiwa ndani yake. Kiti nilichokitaka kilikuwa pauni 2,700, na kwa viti vya fremu moja hiyo si bei ya kushangaza. Vya titani hupanda zaidi. Pauni 1,800 zilizobaki nilizipata kwa akiba yangu, na kundi letu la WhatsApp la watu wa Tanga wakachangishana kama wanavyochangishana msiba. Kuna mmoja alituma pauni 5 na ujumbe, "ya spoki moja". Tahadhari ndogo: kiti mwendo cha mtu mwenye ulemavu hakitozwi VAT. Unasaini tamko, na asilimia 20 inaondoka. Muuzaji akikupa bei, uliza kwanza kama ni kabla au baada.

Nilikitakia nini chote hicho? Mabega. Nimeumia uti wa mgongo, miguu haina kazi, naendesha kwa mikono kuanzia asubuhi hadi usiku. Kiti cha kukunja nilichopewa mwanzo kilikuwa na kilo 18 hivi na ekseli ya nyuma iko mbali, kwa hiyo uzito wangu ulielemea magurudumu madogo ya mbele. Kila ukingo wa barabara ulikuwa vita. Kiti cha fremu moja kina kilo 9 na nusu, na ekseli imesogezwa mbele hadi ikakaa karibu chini ya bega. Ukisukuma kidogo kinaondoka, na pua inanyanyuka kwa urahisi kupanda ukingo. Hasara yake ni hiyo hiyo: ukijisahau kinakuangusha kichogo. Wiki ya kwanza nilianguka jikoni nikiwa na sahani ya wali.

Ila muuzaji wangu alinipima nikiwa nimevaa koti la baridi. Kiti kikaja na upana wa sentimita 2 zaidi. Sentimita 2 zinasikika kama mzaha, lakini mtu anayekalia kiti saa 14 anaanza kuegemea upande mmoja, na mikono inatanuka nje kufuata magurudumu. Ilichukua wiki 11 kurekebishwa. Angekuwa mtu wa NHS amekosea, ningerudi kliniki. Kwa kuwa nimenunua mwenyewe, nilikuwa mteja anayelalamika dukani, na simu za mteja aliyekwisha kulipa unajua zinavyopokelewa.

Swali la kuuliza kabla ya rangi na uzito

Watu hulinganisha viti. Mimi nasema linganisha asubuhi ya siku kitakapoharibika.

Breki ya shangazi iliwahi kulegea Alhamisi. Alipiga namba iliyobandikwa nyuma ya kiti, Jumatatu fundi akaja na gari dogo, akakaza skrubu mbili na kubadilisha tairi lililolika, akaondoka. Hakulipa kitu. Zipo sehemu ambako fundi hukawia wiki kadhaa na mtu anabaki kitandani, nimeyasikia hayo pia, kwa hiyo waulize majirani wanaotumia huduma ya eneo lenu kabla ya kuamini kipeperushi. Lakini gharama si yako.

Changu kilianza kulia kama panya mwaka wa pili. Gurudumu la mbele likawa halizunguki sawa. Nililifungua mwenyewe juu ya gazeti: nywele, nyuzi za zulia na uchafu mweusi vimejisokota kwenye ekseli mpaka vimekula sili, na beringi zimekwisha. Muuzaji akasema nilete kiti, kitakaa kwao siku 10. Siku 10 nikae wapi? Fundi baiskeli wa mtaani kwetu akaniokoa. Beringi za magurudumu yangu ya mbele ni namba 608, zile zile za viatu vya magurudumu vya watoto, bei ya chai na andazi. Akazigonga zikaingia, nusu saa.

Usidhani basi kila kitu cha baiskeli kinaingia. Tairi la nyuma la kiti mwendo linaandikwa inchi 24, na la baiskeli ya mtoto linaandikwa inchi 24, ila ukisoma namba ndogo pembeni, la kiti ni milimita 540 na la baiskeli ya milima ni 507. Haliingii hata ukilipiga na nyundo. Jambo hili lilinigharimu Jumamosi nzima.

Anayechagua njia ya tatu awe na mambo matatu: kiti cha akiba, hata kibovu, akiba ya pesa ya mwaka wa pili na kuendelea, na fundi anayemjua kwa jina. Akikosa mawili kati ya hayo, achukue ya pili. Kuhusu kiti cha akiba, waulize kliniki kama utaruhusiwa kubaki na cha zamani, maana sehemu nyingi wanakitaka mara tu cha mtu wa tatu kinapofika. Uliza pia kuhusu mto wa kukalia. Mto wa kuzuia vidonda ni ghali peke yake, na pengine huduma itaendelea kukupa hata kama kiti umenunua nje. Nimeona mtu akitumia bajeti yote kwenye fremu akakalia sponji.

Vipi kuhusu cha umeme?

Cha umeme kina ushindani mwingine. NHS hutoa, lakini vigezo ni vikali. Kwa kawaida wanataka uwe huwezi kujiendesha kwa mikono na unakihitaji ndani ya nyumba. Anayekitaka kwa kwenda sokoni tu mara nyingi hurudishwa.

Hapo inaingia Motability, mpango ulioanza 1977. Hauna uhusiano na huduma ya viti ya NHS. Unakodisha kiti cha umeme au skuta kwa kukatwa posho yako ya ulemavu, na ndani ya malipo hayo kuna bima, matengenezo, tairi na betri. Ni raha, ila posho hiyo uwe nayo: kwa mtu mzima ni ile sehemu ya usafiri ya PIP ya kiwango cha juu, ambayo mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 77.05 kwa wiki. Pesa inayoingia Motability ni pesa ambayo ungeilia kitu kingine.

Na si kila mtu anaweza kuipata. PIP inaombwa kabla ya kufika umri wa pensheni ya serikali. Shangazi alipata kiharusi akiwa na miaka 69, umri umepita, akapewa Attendance Allowance, posho ya wazee wanaohitaji uangalizi, na hiyo haina sehemu ya usafiri. Kwake Motability mlango umefungwa. Angekuwa ameanza kupokea PIP kabla ya umri huo, angeendelea nayo. Ndiyo maana namsihi kila mwenye miaka 60 na kitu anayechechemea kwa siri asingoje.

Mwenye viza ya kazi iliyoandikwa kwamba haruhusiwi kupata fedha za umma asome hapa polepole, kwa sababu wauguzi na walezi wetu wengi wako hivyo. PIP ni katika fedha za umma, usiiombe. Lakini matibabu ya NHS hayamo kwenye orodha hiyo. Aliyelipa ada ya afya ya wahamiaji, ile ya pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima tangu Februari 2024, anatibiwa kama mkazi mwingine, na huduma ya viti mwendo ni sehemu ya NHS. Nimekutana na mlezi mmoja aliyekuwa akimsukuma mtoto wake kwenye kigari cha watoto akiwa na miaka 7 kwa kuogopa viza. Watoto pia wana haki ya bajeti hii, na kwao kuna hisani kama Whizz Kidz wanaosaidia pale NHS inapoishia.

Aliyeajiriwa aulizie Access to Work, mpango wa serikali wa kuwasaidia wafanyakazi wenye ulemavu. Hawanunui kiti cha maisha ya kila siku, hilo wanasema ni la NHS, lakini wanaweza kulipia ile ziada ambayo kazi yako inaidai. Ziada hiyo ndiyo unayoweza kuichanganya kwenye njia ya pili.

Safari ya nyumbani

Kiti cha NHS unaweza kusafiri nacho, ila waarifu kwanza na ukikatie bima, kwa sababu si chako, na kikivunjika Mombasa hakuna fundi wao atakayekuja. Usimwachie mjomba. Najua utamu wa kuacha kiti kijijini ambako mtu anatambaa, lakini kiti chenye kibandiko cha NHS huna ruhusa ya kukigawa wala kukiuza. Changu, siku nikinunua kingine, nitampa nimtakaye. Kwangu hiyo peke yake ilikuwa sababu tosha.

Ndege ni habari nyingine. Kwa Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa safari za ndege, kikomo cha fidia ya mzigo tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha pesa cha IMF), yaani pauni elfu moja na nusu hivi, na kiti mwendo kinahesabika humo. Kiti cha umeme cha maelfu ya pauni kikidondoshwa uwanjani, fidia hiyo haifiki mbali. Bima yako iseme waziwazi inalipia kiasi gani. Kama betri ni ya lithiamu na inachomolewa, kikomo cha kawaida ni moja ya Wh 300 (wati-saa, kipimo cha nguvu inayobebwa na betri) au mbili za Wh 160 kila moja, nayo inasafiri nawe ndani, siyo chini.

Na kiti chepesi cha lami hakipendi mchanga. Magurudumu yangu ya mbele ya inchi 4 yalizama hatua tatu tu kutoka barabarani pale Tanga, watoto wanne wakaninyanyua kama harusi. Viti vya magurudumu matatu, vyenye gurudumu kubwa la mbele lililokaa mbali, vinapita vizuri zaidi huko. Motivation, shirika lililoanzishwa Uingereza 1991, ni miongoni mwa waliovieneza. Mtu anayepanga kurudi kuishi nyumbani kabisa asitumie bajeti yake kwenye kiti cha korido za Leicester. Na kama unachukua njia ya tatu, unaweza kuagiza magurudumu ya nyuma ya inchi 25: hayo ni milimita 559, saizi ya baiskeli ya milima ya inchi 26, na tyubu yake utaipata hata kwa fundi wa chini ya mwembe. Ila umwambie muuzaji tangu vipimo, maana kimo cha ekseli kinabadilika.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Mzee anayesukumwa au kujivuta ndani ya nyumba, mgonjwa ambaye hali yake inabadilika kila baada ya miezi, mtoto anayekua: ya makaratasi. Mwili unaobadilika haufai kufungwa kwenye kiti cha kununua, kwa sababu hali ikibadilika huduma inakupima upya na kukubadilishia, wakati muuzaji atakuuzia kingine. Shangazi kapimwa mara mbili kwa miaka mitatu.

Mtu anayejiendesha mwenyewe kutwa nzima, mwili umetulia, ana kazi na ana mtu wa kumkimbilia: ya tatu, kwa macho mawili wazi. Aulize pia bajeti inahesabiwa kuwa ya muda gani. Huduma nyingi hutaja miaka 5 kwa watu wazima, lakini uhitaji ukibadilika kabla ya hapo una haki ya kutathminiwa tena, na usikubali kuambiwa ungoje kalenda.

Walio katikati, na ndio wengi, ya pili. Mgongo bora, tairi zisizopata pancha, fremu nyepesi kidogo, na namba ya fundi bado imebandikwa nyuma.

Ukiambiwa "sisi hapa hatuna hizo bajeti", omba jibu hilo kwa maandishi. Mara nyingi mtu wa mapokezi hajui, na karatasi humfanya aulize wakubwa. Wakikataa kiasi au aina, omba hesabu waliyoitumia. Malalamiko yanapelekwa kwa huduma yenyewe au ICB ndani ya miezi 12 tangu tukio, na yasipotatuliwa unaweza kuyapeleka kwa mchunguzi wa malalamiko wa bunge na huduma za afya. Wakati unalalamika, kubali kiti chochote wanachokupa kikufae kwa sasa. Kulala kitandani miezi minne kwa kudai haki ni namna ya kupata vidonda.

Shangazi ana miadi ya kupimwa tena mwezi ujao, bega limeanza kumsumbua. Mkalimani ameshaombwa. Mimi nimeambiwa nije na gazeti.